Makoti ya Sufu Yaenda Tanga

Uru, Jumapili, 20 Juni 1993

Mwanangu Hilaria,

Jana basi lenu lilipokata kona pale kwenye chama cha msingi cha kahawa nilibaki nimesimama barabarani mpaka kuimba kwenu kukapotea, na sauti ya mwisho kupotea ilikuwa yako. Baba yako anasema ile ya mwisho ilikuwa honi. Baba yako masikio yake unayajua.

Misa ya leo bila kwaya, nikuambie nini. Padri alianzisha wimbo mwenyewe, akauanzisha juu mno, tukamwacha huko juu peke yake. Watu wakawa wananiangalia mimi kama vile ndimi niliyewaficha waimbaji. Baada ya misa kina mama wakanizunguka. Hakuna aliyezungumzia kitu kingine, ni makoti tu. Mmoja anasema rangi, mwingine anasema kola. Nikawaambia, ninyi mmeona nje, hamjaona bitana ndani. Kwaya ngapi za mlima huu zimewahi kusafiri na koti lenye bitana? Nilitembea kurudi nyumbani polepole ili wanaotaka kunisalimia wanipate.

Eliona, mama yake Gladness mwenzako wa kwaya, naye alikuwepo, amefunga mikono. Akasema, “Tutaona watakavyofanya huko kwenye joto.” Bado ana kinyongo kwa sababu kikao kilikataa vile vitenge alivyotaka viwe sare ya kwaya. Nikamuuliza, “Eliona, Tanga umekwenda lini?” Huyo jirani yetu hajafika hata Korogwe. Mimi pia sijafika, lakini mimi sikuwa nimesema kitu.

Hata Mansukhlal dukani aliniambia hivyohivyo siku ya kununua kitambaa. “Mama Hilaria, Tanga si Moshi, chukua pamba hii.” Nilimwelewa. Ile pamba imemkaa dukani tangu enzi za kupanga foleni, sasa maduka yamejaa vitu vipya anatafuta wa kumtwika. Nikamwambia, nipe sufu, ile ya buluu iliyoiva, na umfungie fundi wangu wa Majengo na bitana. Alinipa huku anatikisa kichwa. Mwenye duka akitikisa kichwa wakati anakuuzia, ujue umepata kitu kizuri kuliko alivyotaka.

Sasa sikiliza. Kwenye ule wimbo wa shukrani alioutunga Mwalimu Efraimu, pale unapoanza peke yako kabla wenzako hawajaingia, simama wima kola ionekane. Uliniahidi mlangoni pa basi kwamba hilo koti hutalivua jukwaani hata wengine wakilivua. Nimeshikilia hapo. Watu wa Tanga wakuone wajue unatoka kwa nani.

Nataka picha. Ndizi za kuchoma gawana na wenzako, samli usigawe.

Barua hii nimempa utingo wa basi la Tanga. Nimemwambia mwanangu ndiye mwimbaji mkuu, akanipa heshima yake.

Mimi mama yako,
Theopista Sirili


Muheza, Ijumaa, 25 Juni 1993

Mama, shikamoo. Mwambie na baba shikamoo yake.

Tulifika salama. Barua yako utingo aliileta mwenyewe mpaka nyumba ya masista tulipofikia, akauliza, “Mwimbaji mkuu ni yupi?” mbele ya kila mtu. Nilitamani ardhi inimeze, lakini asante.

Jumatano tuliimba hapa Muheza. Kanisa lilijaa. Wafanyakazi wa mashamba ya mkonge walikuja na familia zao, wengine wakakaa chini. Tulipokuwa katikati ya wimbo wa tatu, watu wote walisimama, mama. Wote. Hata waliokuwa nje walikuja kuchungulia madirishani. Mwalimu Efraimu anasema tangu aanze kufundisha kwaya hajawahi kuona jambo kama lile.

Makoti yamezungumzwa sana. Mpaka leo tukipita sokoni watoto wanatutambua na wanatufuata. Majirani wa ng'ambo ya barabara, kina mama wa Kiislamu, walikuja usiku uleule kutuona na kutuletea zawadi. Kwa kweli wametupenda.

Hali ya hewa usiwe na wasiwasi. Wenyeji wanatuambia sasa ni kipupwe, ndiyo majira yao ya baridi. Asubuhi yule mama anayetupikia uji anajifunika shuka mbili.

Lucky wa sauti ya besi aliugua kidogo, sasa ni mzima. Picha bado, aliyetupiga ameishiwa filamu.

Kesho kutwa tunakwenda Pangani, kisha Tanga mjini. Onyesho la kufunga ni Jumamosi ya tarehe kumi Julai. Zitakuja kwaya kutoka pwani yote na kutoka Lushoto, na wimbo wetu wa shukrani umepangwa uwe wa mwisho siku hiyo. Wa mwisho kabisa, mama, baada yake watu wanakwenda nyumbani.

Koti lako sijalivua jukwaani.

Mwanao,
Hilaria


Uru, Jumatano, 30 Juni 1993

Mwanangu, mwimbaji wangu wa mwisho kabisa,

Marahaba, marahaba, na baba yako ameitikia. Barua yako niliipata Jumapili asubuhi, sikuisoma mara moja. Niliiweka kifuani nikaenda nayo kanisani, na misa ilipokwisha nikapanda ile ngazi ya mlangoni nikawasomea watu. Nilipofika pale watu wote waliposimama, nikatua kidogo. Nikawaangalia. Halafu nikasoma tena sehemu ile, maana waliokuwa nyuma huenda hawakusikia.

Na hapo pa majira ya baridi, mwanangu, hapo nilisoma mara tatu. Nikamtafuta Mama Gladness kwa macho. Nikamwambia, “Eliona, hebu sogea karibu usikie habari za joto la Tanga.” Watu wakacheka mpaka katekista akaja kuuliza kuna nini.

Sasa naye akaona aibu akatoa karatasi mfukoni. Eti Gladness amemwandikia kwamba Lucky alianguka kwa joto, na kwamba kwaya inaimba imevaa kanga za kuazima. Kanga. Kwaya yetu. Nikamwambia palepale ngazini, “Gladness ni mwongo. Mwanangu ameandika kwa mkono wake kwamba huko ni baridi, na mwanangu hajui kusema uongo, sijamfundisha. Wewe wako sijui umemfundisha nini.” Uwanja mzima wa kanisa ulisikia. Mama Gladness akakunja karatasi yake akaenda zake.

Lakini nikaanza kufikiri. Kama mpishi wa hukohuko anajifunika shuka mbili, ninyi wageni mtakuwaje asubuhi? Koti ni la jukwaani, haliwezi kulalwa nalo. Basi tangu Jumatatu nimezunguka nyumba kwa nyumba, kuanzia kwetu mpaka kule juu karibu na msitu, nimekusanya masweta. Kila nyumba imetoa. Waliofuma wamefuma, walionunua mitumba pale Majengo wamenunua. Kila mwimbaji atapata lake na mengine mawili yatabaki, ya Mwalimu Efraimu na ya yule mpishi maskini. Nimeyafunga kwenye gunia la kahawa, utingo yuleyule atawaletea.

Na la mwisho nimelibakiza ulifurahie mwishoni. Nakuja. Tiketi nimeshakata, basi la Ijumaa tarehe tisa, kiti cha dirishani. Nitakaa mstari wa mbele kabisa, na utakapoanza ule wimbo ukiwa umevaa koti lako nitasimama niwaambie watu wa Tanga huyu ni wa kwangu na lile koti ni la kwangu. Baba yako amesema atakaa na ng'ombe.

Mama yako anayekuja,
Theopista Sirili


Pangani, Jumamosi, 3 Julai 1993

Mama, shikamoo.

Gunia limefika jana. Tulilifungua uani tukiwa tunatiririka jasho, tumekaa na mabeseni ya maji miguuni. Likatoka sweta la kwanza, la pili, la tatu. Kisha Lucky akavaa moja, akajifunga na shali shingoni, akasema, “Jamani, mbona kuna upepo?” Tukacheka mpaka wengine wakalala chini. Mimi nilicheka nao, halafu nikajikuta nimeacha kucheka na machozi bado yanakuja. Nikaenda ndani kukuandikia.

Mama, huku ni joto. Kipupwe chao ni joto. Yule mama aliyetupikia Muheza anajifunika shuka mbili kweli, lakini yeye amezaliwa huku. Nilikuandikia maneno ambayo kila moja ni la kweli, nikayapanga ili usielewe. Sasa nakuandikia tena.

Pale Muheza kanisa lina bati na halina dari. Tulipofika wimbo wa tatu Lucky alikwenda chini na safu yote ya besi ikaenda naye, walikuwa wamebanana. Ndiyo maana watu walisimama. Walisimama kuona kama amekufa. Walimtoa nje, wakamvua lile koti, wakammwagia maji, akafungua macho akauliza kama tumemaliza.

Rangi nayo ilitoka, mama. Jasho lilipoingia, buluu ilihamia kwenye blauzi, kwenye shingo, mpaka masikioni. Watoto wa sokoni walitufuata kwa sababu hiyo, wakituita watu wa wino. Mwalimu Efraimu aliposema hajawahi kuona jambo kama lile, alikuwa ana taulo mkononi anasugua ndevu.

Wale majirani wa ng'ambo walituletea kanga usiku ule, doti kwa doti, walizotoa kabatini kwao. Wakasema, “Wanangu, mtakufa na sisi tunaangalia?” Tangu siku hiyo wasichana wote wanaimba na kanga na wavulana na mashati. Tunaonekana vizuri, mama. Tumeimba vizuri kuliko tulivyowahi kuimba Uru.

Wote isipokuwa mimi. Mimi nilikuahidi.

Mwalimu Efraimu alinivumilia Muheza. Hapa Pangani, jana, nilianza wimbo wa shukrani nikiwa na koti langu limefungwa mpaka juu, na mstari wa pili pumzi ikaisha. Haikukatika kidogo, iliisha. Nilisimama mbele ya watu mdomo wazi. Wenzangu hawakujua waingie au wasubiri. Tukaacha wimbo, tukaenda kwenye mwingine.

Baadaye aliniita. Hakunikaripia. Akasema, “Hilaria, mtu anaimba kwa mbavu, wewe mbavu zako umezifunga kwenye blanketi. Ule wimbo hakuna mwingine wa kuuanza, niliutunga kwa sauti yako. Jumamosi ukija na koti tutauondoa, Lushoto watafunga onyesho. Chagua mwenyewe.” Nikamwambia nimeahidi. Akasema, “Basi mwandikie uliyemwahidi.”

Jambo la mwisho ndilo gumu. Gladness hakusema uongo. Aliandika alichokiona. Kila usiku ni yeye anayenifulia blauzi ili asubuhi nisiwe na shingo ya buluu, na hajawahi kunicheka hata mara moja. Utingo amesimulia hapa mambo ya ngazini. Gladness alisikia. Aliinuka akaenda kufua blauzi yangu.

Niambie nifanye nini, mama. Ukisema niimbe na koti nitaimba na koti mpaka nianguke kama Lucky. Lakini huo wimbo naupenda.

Mwanao,
Hilaria


Uru, Jumatano, 7 Julai 1993

Hilaria,

Marahaba. Barua yako niliisoma mara moja, nikaikunja, nikaenda kukata majani ya ng'ombe. Nilikata majani ya wiki nzima. Baba yako alikuja akaangalia ule mzigo, akaniuliza, “Tumenunua ng'ombe wengine?” Akaniuliza tena jioni kama una afya. Nikamwambia una afya, ni mimi nina ugonjwa, ninaumwa mdomo.

Nikaanza na hasira nawe, nikuambie ukweli. Mtu mzima nimesimama ngazini nasoma uongo kwa sauti, tena natua mahali pazuri. Halafu nikajiuliza mtoto aliyafanya hayo kwa ajili ya nani. Nikaona nikate majani mengine.

Sasa ninakuandikia kwa herufi kubwa ili usikosee. VUA KOTI. Umenielewa? Ahadi uliyonipa nakurudishia, niliidai mwenyewe, naifuta mwenyewe. Nilisema watu wakuone wajue unatoka kwa nani. Nimekaa nikafikiri, watu watajuaje unatoka kwa nani kama hawakusikii? Mimi nilizaa sauti, koti nilinunua dukani.

La Gladness sikia nilivyofanya. Pale mpakani mwa shamba letu na la Eliona, yale masale aliyopanda babu yako, nilichagua isale moja jani refu lisilo na doa, nikalifunga fundo vizuri kama nilivyofundishwa. Ningeweza kumpelekea jikoni kwake asubuhi, tukamaliza watu wawili. Lakini nilimtukana ngazini, basi nikaona nimwombe radhi ngazini. Jana kina mama walikuwa na mkutano wao kanisani. Nilisubiri wamalize, wote wametoka, nikapanda na isale langu mkononi.

Eliona aliliona. Kila mtu aliliona. Unajua kwa mila yetu mtu akikuletea isale huwezi kumkataa, lakini hakuna sheria inayosema lazima ulipokee haraka. Alinisimamisha pale, mwanangu. Akaweka kanga yake sawa. Akauliza, “Kwa hiyo Tanga ni joto?”

Nikasema, “Ni joto.”

“Wa nyuma hawakusikia.”

Nikasema, “Eliona, Tanga ni joto, na mwanao alisema kweli.” Sauti yangu ilifika mpaka barabarani, maana nikifanya jambo silifanyi nusu.

Akanyoosha mkono, halafu akaurudisha. Akasema, “Mimi hukuniita mwongo. Ulimwita Gladness. Hilo isale si langu.” Na hapo alikuwa na haki. Watu wote wakawa wanangoja nifanye nini, na mimi nikafungua mkoba nikatoa tiketi yangu ya basi, ile ya dirishani. Nikamwekea mkononi pamoja na isale. Nikamwambia, “Basi mpelekee mwenyewe. Umsikie na mtoto anaimba.”

Alikaa anaiangalia ile tiketi. Akasema, “Na wewe?” Nikamwambia mimi nikija Hilaria ataniangalia mimi, na akiniangalia atakumbuka koti. Akasema, “Wewe Theopista una kiburi mpaka kwenye kuomba radhi.” Nikamwambia ndiyo, na niambie ni nani hapa Uru umewahi kumwona amebeba isale limenyooka namna hii. Akacheka. Kwanza yeye, halafu wote. Tumerudi nyumbani pamoja, amekunywa mtori wangu wa ndizi, bakuli mbili.

Basi barua hii anakuletea yeye. Nimeifunga kwa gundi, ukiona imefunguliwa utaniambia.

Imba, mwanangu.

Mama yako,
Theopista


Tanga, Jumapili, 11 Julai 1993

Mama, shikamoo.

Barua ilikuwa haijafunguliwa. Mama Gladness aliishika njia nzima kwa mikono miwili, utingo ndiye kanisimulia. Aliteremka amevaa sweta, akasimama pale stendi, akalivua, akavua na la ndani, akasema, “Mama yako atanisamehe, lakini nilikuwa na haki kuliko nilivyojua.”

Isale alimpa Gladness palepale, mbele ya mabasi. Lilikuwa limesinyaa kidogo pembeni, fundo bado zima. Gladness alilipokea kwa mikono yote miwili akapiga goti kidogo, kama vile ni wewe uliyempa. Mama mmoja wa Tanga aliyekuja nasi stendi akauliza hilo jani ni la nini, ni dawa? Nikamwambia, “Ni mama yangu, anaomba radhi.” Akaliangalia tena. Akasema, “Mama yako ni mtu mkubwa basi.” Sikumwambia kwamba umeshajiambia mwenyewe.

Sasa onyesho. Nitakueleza kwa kifupi kwa sababu Mama Gladness ameapa kulisimulia yeye na sitaki kumharibia.

Koti nililivua. Lakini sikuliacha kwenye sanduku. Mstari wa mbele kulikuwa na kiti ulichokuwa ukae wewe, masista walikuwa wamekiwekea jina lako tangu ulipoandika kwamba unakuja. Nililiweka pale, nikaliegemeza vizuri, na Mama Gladness aliyekaa pembeni yake akalifunga vifungo vyote mpaka juu, akanyoosha na kola. Watu walikuja kuuliza kama kiti kina mtu. Akawa anawajibu, “Kina mtu.”

Wimbo wa shukrani ulikuwa wa mwisho kama ulivyopangwa. Nilivaa kanga ya yule jirani wa Muheza, aliniambia niondoke nayo. Mwalimu Efraimu akanitazama, akatazama koti kwenye kiti, akainua mkono. Nikaanza. Mstari wa kwanza, wa pili, nikapita pale nilipokwama Pangani nikiwa bado nina pumzi ya kuwapa wengine. Nilikuwa naliimbia koti, mama, nilikuwa nalitazama lile koti lilivyokaa wima, na nilijua nikikosea litaniambia. Wenzangu walipoingia sikuwasikia wakiingia, niliwahisi mgongoni.

Watu walisimama. Safari hii hakuna aliyeanguka.

Mama Gladness ndiye aliyetutia aibu. Alipanda juu ya benchi, mtu wa umri wake, akawa anawaambia watu wa Tanga, “Huyo ni mtoto wa jirani yangu! Tumepakana mashamba!” Kisha akaonyesha kiti, “Na huyo ndiye mama yake!” Watu wakaangalia koti. Sijui walielewa nini, ila walilipigia makofi.

Picha ipo. Niliitafuta filamu mwenyewe. Kwaya nzima, na koti lako mbele katikati.

Tunaondoka Alhamisi alfajiri.

Mwanao,
Hilaria


Uru, Jumanne, 13 Julai 1993

Mwanangu,

Marahaba mara nyingi. Barua yako nimeisoma peke yangu jikoni. Halafu nikamsomea baba yako. Akasema, “Ile sauti ya mwisho siku ile, haikuwa honi.” Nimeishi na huyo mtu tangu ujana sijawahi kumsikia akirudisha neno lake. Halafu nikaisoma ngazini, usidhani nimeacha. Lakini safari hii nilianza na zile habari za wino, niliwapa cheko lao kwanza, ili nikifika kwenye kiti wawe wamekaa vizuri. Hawakucheka tena. Mansukhlal nitampelekea picha kwa mkono wangu, nitamwambia alikuwa na haki juu ya pamba. Juu ya rangi iliyotoka nitamwambia mengine.

Sasa sikiliza maneno ya njiani. Tangu juzi huku ukungu umeshuka mpaka migombani, huoni nyumba ya jirani. Manyunyu asubuhi, manyunyu jioni. Baba yako analala na soksi, ndama tumemwingiza ndani. Alhamisi parokia nzima itakuwa barabarani kuwapokea, na mkiteremka na kanga zenu za Tanga mtatetemeka kiasi kwamba hamtaweza kuimba hata salamu, na watu watasema safari imewaharibu.

Kwa hiyo mkifika Himo mwambieni dereva asimame. Teremkeni wote, fungueni masanduku, vaeni makoti. Vifungo mpaka juu. Mnyooshane kola. Rangi iliyokuwa ya kutoka imeshatoka, iliyobaki ni yenu. Kanga msizifiche, jifungeni kichwani, kina mama wa huku wazione, maana ni zawadi kubwa ile na majirani wale nitawaandikia. Kisha imbeni kuanzia pale chama cha msingi, polepole, dereva aende kama anabeba mayai. Mtu atakayewaona ndani ya ule ukungu, buluu tupu, kola zimesimama, hakuna anayetetemeka, huyo aniambie tena habari za joto.

Mama Gladness yeye hana koti, najua. Alikuja huko na masweta na ameyavua, na nimesikia kutoka kwa utingo kwamba ameyagawa. Atateremka hapa na kitambaa kimoja mabegani. Usimwambie kitu. Kile kitambaa cha sufu kilibaki kidogo, na bitana ilibaki, na jana nilishuka Majengo kwa fundi wangu. Vipimo vyake navijua, tumepimana kwa macho miaka yote hii.

Nitakuwa nimesimama mbele ya wote nalo mkononi, nimelifungua tayari. Atakachofanya ni kuingiza mikono tu.

Mama yako,
Theopista Sirili